Maswali ya Wasomaji: Tabla Ndani ya Rege

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni vijana wa Likoni tunaopiga rege. Hivi karibuni tumeungana na rafiki yetu wa Kigujarati anayepiga tabla, yaani ile jozi ya ngoma za Kihindi, ndogo na kubwa, pamoja na mwenzetu wa Kidigo mpiga chapuo, ngoma ya kwetu pwani. Kila tukifanya mazoezi, wa tabla na wa dramu hugombana, kila mmoja akidai kwamba mwenziwe ametoka nje ya mapigo. Mzee mmoja jirani ametuambia kuwa tunatia achari ndani ya chai. Je, muziki huu unawezekana?

JIBU: Unawezekana, na huyo mzee, kwa heshima zake, huenda amesahau taarabu iliyopigwa harusini mwake. Marehemu Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, wala hatukusikia mtu akilalamikia achari. Ng'ambo nako, mwimbaji Apache Indian, mzaliwa wa Birmingham mwenye asili ya Kipunjabi, alichanganya rege na bhangra, muziki wa Kipunjabi, katika albamu yake ya mwaka 1993. Hata Jamaika kwenyewe Wahindi wako tangu 1845, walipopelekwa kufanya kazi mashambani.

Ama ugomvi wenu, chanzo chake ni pigo la kwanza. Katika muziki wa Kihindi pigo hilo huitwa sam, nalo ndilo nguzo: mpiga tabla huzunguka atakavyo, lakini lazima arudi atue hapo, na akitua huonekana hata usoni. Mpiga dramu wa rege, hasa katika mtindo wa wan-dropu, hufanya kinyume, kwani pigo la kwanza huliacha tupu, na ngoma kubwa ya mguu huigonga kwenye la tatu. Basi mmoja anatafuta nguzo pale ambapo mwenziwe amechimba shimo. Msimlazimishe yeyote kuacha kwao. Mwachieni wa tabla shimo hilo alijaze yeye peke yake, na wa dramu abaki na la tatu. Mkilizoea, mtajiuliza mlikuwa mkigombania nini.

Kisha muamue wimbo unahesabiwaje kabla ya kushika ala. Ikiwa ni rege iliyonyooka, tabla ipige keherwa, mzunguko wa mapigo wenye hesabu ya nane, ambao wapigaji huutamka hivi: dha ge na ti, na ka dhi na. Mkitaka mwendo wa chakacha, ambao kila pigo lake kubwa limegawika vipande vitatu, tabla ihamie dadra, mzunguko wenye hesabu ya sita, na mizunguko miwili ya dadra itawapa mapigo manne makubwa. Gitaa likate kwenye la pili na la nne kama kawaida, na huyo ndugu wa chapuo, ambaye naona hakuna aliyemuuliza neno, ndiye awe mwongozaji, kwa kuwa mwendo huo ni wa kwao.

Jambo dogo lakini la lazima: tabla ndogo hutiwa sauti kwa nyundo, ikafuatana na sauti ya mwimbaji. Mkibadilisha ufunguo, yaani sauti ya msingi ya wimbo, katikati ya onyesho, itasikika imepotea, na kosa halitakuwa la mpigaji.

SWALI: Kinanda chetu kimeharibika. Je, taishokoto yaweza kushika nafasi yake katika rege?

JIBU: Yaweza, ila si kwa kazi ileile. Ala hii, iliyobuniwa Japani mwaka 1912 na yenye vibonyezo kama vya taipureta, huimba sauti moja tu huku nyuzi nyingine zikivuma chini yake bila kubadilika. Katika wimbo unaozunguka kodi mbili, yaani mafungu mawili ya sauti zinazopigwa pamoja, uvumi huo hupendeza sana. Kodi zikifika tano, hukwaruzana na besi. Mwachieni gitaa kukata mapigo, na taishokoto ijibizane na mwimbaji kila anapomaliza ubeti.