Digrii ya nini bana
Umeuliza kama bila digrii ya fizikia unaweza kusomea urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa kujifurahisha tu. Unaweza bana. PPL, yaani leseni ya rubani binafsi, inataka uwe na miaka 17, masaa 40 hewani kwa uchache, mitihani ya nadharia na cheti cha afya daraja la pili, na hapo kwa daktari ndo uanzie kabla hujalipa shule hata shilingi, macho yakigoma ujue mapema. Alafu usipige bajeti ya masaa 40 kamili, wengi huwa wanapitiliza. Na Wilson iko juu, kama futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, jua la saa nane likiwaka kindege kama Cessna 172 chenye watu wanne kinakula ranwei mpaka unaanza kusoma dua 😂 Kubeba abiria wa kulipa hapana, hiyo ni leseni nyingine.