Maswali ya Wasomaji: Desimali kwenye Mizani ya Sokoni

SWALI: Mwanangu yupo Darasa la Tano. Hesabu za shilingi anazipata, ila desimali zinamshinda: anashikilia kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.5. Senti siku hizi hatuzitumii. Nimfundisheje tukienda sokoni?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Acha shilingi kwanza, anza na kilo. Mwanao anazisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, anaona 35 na 5. Sisi wakubwa tunalikuza kosa hilo tunaposema "nukta thelathini na tano". Sema "sifuri nukta tatu tano", kisha aigeuze kuwa gramu. Kilo moja ni gramu 1,000, kwa hiyo 0.5 ni gramu 500 na 0.35 ni gramu 350. Pimeni mchele wa uzito huo kwenye mifuko miwili, aishike. Halafu mtege kwa 0.05: wengi huifananisha na 0.5, kumbe ni gramu 50 tu.

Robo ni 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75. Hizi azikariri, maana ndizo za kukadiria. Tuseme nyama ni shilingi 12,000 kwa kilo na mizani ya bucha inaonyesha 0.64. Kabla ya kuzidisha aseme: imezidi nusu, haijafika robo tatu, basi bei ipo kati ya 6,000 na 9,000. Ndipo azidishe 64 kwa 12,000, apate 768,000, agawe kwa 100: shilingi 7,680. Akileta 76,800, makadirio yake mwenyewe yatamkatalia. Hatua hii msiiruke kamwe. Mtoto aliyezoea kwamba kuzidisha huongeza hushangaa jibu likiwa chini ya 12,000, na afadhali ashangae akiwa nawe kuliko kwenye mtihani.

Akizoea, mpe bajeti ya 10,000: maharage kilo 1.5 kwa 3,200, vitunguu 0.75 kwa 2,000, sukari 0.5 kwa 3,000 (bei zote kwa kilo). Atatumia 4,800, 1,500 na 1,500, chenji 2,200. Mwulize pia kapu lina uzito gani. Hapo wengi hupanga tarakimu kwa kufuata ukingo wa kulia, wakajumlisha 15, 75 na 5, wakaandika 0.95. Mwulize: maharage peke yake si yamepita kilo? Nukta zikae chini ya nukta, na nafasi tupu zijazwe sifuri: 1.50, 0.75, 0.50. Jumla 2.75.

SWALI: Atumie kikokotoo cha simu?
Baba, Mombasa

JIBU: Atumie, ila akiwa ameshaandika makadirio. Simu itaonyesha 112.5 pale risiti ya supamaketi inaposema 112.50. Mwulize ni shilingi 112 na senti ngapi. Akijibu tano, rudini kwenye gramu.