Kuhesabu waliotoka makaoni hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama idadi ya watoto waliotolewa kwenye makao ya kulelea watoto inatosha kuonyesha kwamba mkakati wa Kenya wa mageuzi ya malezi (2022–2032), yaani wa kuwatoa watoto makaoni walelewe katika familia, unafanya kazi. Haitoshi hata kidogo. Inakuambia nani katoka, haikuambii analala wapi.

Chukua watoto wote waliotoka ndani ya robo moja ya mwaka, uwafuatilie kundi zima baada ya miezi 3, 6 na 12. Wasiopatikana wawe na safu yao kwenye jedwali. Hapa ndipo ripoti huharibika: aliyepotea anaondolewa kwenye hesabu, asilimia ya mafanikio inapanda, na hakuna mtoto aliyenufaika. Aliyehamishiwa shule ya bweni naye usimhesabu kuwa yuko nyumbani mpaka ujue likizo anazimalizia kwa nani.

Ukifika nyumbani, zungumza na mtoto mbali na mlezi wake, na angalau ziara moja iwe ya kushtukiza. Tazama mahudhurio ya shule, kisha rudi kwenye sababu iliyompeleka makaoni. Kama ilikuwa karo, au ulemavu usio na huduma karibu, na hali haijabadilika, familia hiyo inahitaji msaada sasa hivi, si fomu nyingine.

Malezi ya kambo (mtoto kulelewa kwa muda na familia isiyo yake) na kafala (malezi ya mtoto kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu), ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua, yaandikwe kila moja peke yake. Na uulize kila afisa wa watoto ana faili ngapi mkononi.