Mlevi aliyelala barabarani usimwombee ukapita

Mleta mada, nimesoma maswali yako yote kuhusu kutoka usiku kusaidia walevi mitaani: mavazi, saa za kutoka, kama mumeo aende nawe, na vikundi vya hapa Uingereza vinapokeaje watu. Kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho, kwamba Ijumaa hii mnatoka na akina mama wa kanisani kwenye mitaa ya klabu, na mkikuta mlevi amelala mtamwombea, mtamwacha apumzike, mwendelee na wengine. Hapana, dada yangu. Hapana kabisa.

Mafundisho hayo nayajua, maana na sisi tulipewa hayo hayo. Mzee mmoja wa kanisa alitukusanya, akatugawia vipeperushi, akatuambia mlevi akishalala pombe inamtoka yenyewe. Usiku mmoja wa baridi kali tulimkuta binti kando ya ukuta wa klabu, kalala chali. Tukamfunika koti, tukaomba, tukapita. Tuliporudi kwa njia ile ile, baunsa wa mlangoni alikuwa kapiga magoti, kamgeuza ubavu, matapishi yanamtoka binti wa watu mdomoni na puani, simu iko sikioni anaongea na 999, namba ya dharura ya huku. Midomo ya yule binti ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini kama si yule baunsa kuchungulia nje, tungerudi kukuta maiti chini ya koti letu.

Nilimfuata yule mzee. Akanijibu kwamba maombi yetu ndiyo yaliyomleta baunsa. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Kutokujua si dhambi, ila ukishika roho za watu mkononi unauliza kwanza wanaojua. Yeye hakuuliza mtu, na alitufundisha kwa uhakika wa daktari.

Sasa sikiliza kinachotokea. Mtu akiacha kunywa, pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, na kiwango chake kinaweza kupanda kwa dakika 30 hadi 40 baada ya glasi ya mwisho. Kwa hiyo uliyemwacha anakoroma anaweza kuwa anazama zaidi. Pombe nyingi inalegeza kile kinachomfanya mtu akohoe kitu kikimpalia. Akiwa chali akatapika, matapishi yanarudi kooni na hana nguvu ya kuyatoa. Halafu kuna baridi. Pombe inapanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu anajisikia ana joto, anavua hata koti, kumbe joto la mwili linatoka nje. Kwa majira ya baridi ya huku hilo peke yake linaua.

Kwa hiyo: mwite, mguse bega, mwamshe. Asipoamka, au akiamka kidogo akazimika tena, tazama kifua: akipumua mlaze ubavu, na anapumua au hapumui, piga 999. Kumlaza ubavu ni hivi: mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni, mkono wa pili ulete ili mgongo wa kiganja uguse shavu lake la upande wako, kunja goti la mbali, kisha livute goti hilo kuja kwako. Inua kidevu kidogo njia ya hewa iwe wazi. Halafu mnabaki naye. Pumzi ikiwa ya polepole, ya kukatikakatika, ngozi ikipauka au kuwa ya bluu, mwambie wa 999 hapo hapo. Kahawa usimpe. Usimtembezetembeze, wala usimmwagie maji baridi eti ashtuke. Ombeni, ndiyo, ombeni sana, lakini macho yawe kifuani pake.

Ndiyo maana nakusihi msitoke peke yenu. Wapo Street Pastors, Wakristo wa kujitolea wanaotoka usiku mitaani, kazi iliyoanzishwa na Les Isaac mjini London mwaka 2003, na sasa ina timu katika miji mingi ya Uingereza. Wanatoka kwa timu, hasa Ijumaa na Jumamosi, kuanzia kama saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa kushirikiana na polisi na halmashauri, na hupewa mafunzo kabla ya kuachiwa mtaa. Wanabeba maji, na ndala za kuwapa wasichana waliovua viatu virefu wakatembea juu ya vioo. Hawaendi kuhubiri, mtu akitaka kuombewa anaombewa. Wengine wa timu hubaki wakiomba wakati wenzao wako barabarani, na hapo ndipo akina mama wenu wasioweza kukesha kwenye baridi watafaa mno.

Nilipojiunga nao, jambo la kumgeuza mtu ubavu nililifanya darasani mpaka mikono ikazoea, na nimeshalitumia barabarani kwa kijana aliyeachwa na rafiki zake kituo cha basi. Nilikaa naye hadi gari la wagonjwa likafika. Usiku ule sikumsaidia mtu mwingine hata mmoja, na sijutii.

Suala la mumeo muulize mratibu wa timu ya mji wenu. Hiyo Ijumaa iahirishe. Wakusanye hao akina mama sebuleni kwako, mmoja alale chali sakafuni alegee kabisa, na kila mmoja amgeuze peke yake bila kusaidiwa.