Ukianza kuandika programu, anza na aina ya data

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kompyuta hapa Kigoma huja na daftari. Ndani wamenakili maneno: algorithimu, kigeu, stringi, lupu, fanksheni, kompaila, na kila neno lina maana yake mbele. Ukiwauliza wanajibu vizuri. Ukiwapa kibodi wanakwama mstari wa pili. Si uvivu, walifundishwa kukariri, na kweli wamekariri. Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni kuliweka daftari pembeni kwa muda, mwandike programu moja fupi inayohusu jambo mnalolijua, halafu mlitazame kila neno likifanya kazi yake humo ndani.

Na katika maneno yote hayo, kuna moja ningependa mlipe muda kuliko mengine: aina ya data, yaani kama thamani uliyonayo ni maandishi, namba au kitu kingine. Karibu kila anayekata tamaa wiki za mwanzo, nikikaa naye na kusoma alichoandika, nakuta amekwama hapo, ingawa mwenyewe anasema lupu, yaani zile sehemu za programu zinazojirudia, ndizo ngumu.

Tuchukue biashara ya dagaa, maana hapa hakuna asiyeijua. Mama yuko Kibirizi anauza dagaa wakavu kwa kilo, anataka kujua mteja alipe shilingi ngapi. Tuseme kilo ni shilingi 15000. Kwa Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na ambayo namshauri karibu kila anayeanza aanze nayo, utaandika hivi:

bei = 15000
kilo = input("Kilo ngapi? ")
print(kilo * bei)

Mistari hii ndiyo msimbo, au kodi kama wengi tunavyosema. Hapo bei na kilo ni vigeu, yaani majina uliyoyatunga wewe ili kompyuta ikutunzie thamani fulani. Alama ya = haisemi kwamba pande mbili ziko sawa kama ulivyozoea kwenye hisabati. Inaagiza: kilicho kulia kiwekwe kwenye jina lililo kushoto. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa unaandika alama mbili, ==. Nazo input na print ni fanksheni, vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Unaviita kwa jina na kuvipa kitu ndani ya mabano. Ya kwanza inasubiri mtu aandike, ya pili inaonyesha jibu.

Sasa iendeshe. Andika 3, bonyeza Enter. Unatarajia 45000. Unachokiona ni 3333333333, mstari baada ya mstari, mpaka skrini inajaa. Ukiwa na subira ya kuzihesabu utakuta 3 ziko 15000 kamili. Wengi hapo hudhani simu imeingiwa na virusi.

Hakuna kilichoharibika. Chochote kinachopita kwenye input, Python hukipokea kama stringi, yaani maandishi. Kwake hiyo 3 ni alama tu, sawa na herufi k. Na stringi ikizidishwa kwa namba kamili, Python huirudia mara hizo. Umeiambia irudie mara 15000, imetii. Ungeandika alama ya kujumlisha badala ya kuzidisha, ingekataa kabisa na kukuandikia TypeError, kwa sababu haikubali kuunganisha maandishi na namba. Ni operesheni mbili juu ya kosa lilelile: moja inapiga kelele, nyingine inakupa jibu la ajabu bila kusema lolote. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa.

Dawa ni kubadilisha aina kabla ya kupiga hesabu:

kilo = float(input("Kilo ngapi? "))

Kwa nini float na si int? Kwa sababu int ni ya namba kamili, na wateja hununua kilo mbili na nusu. Ukitumia int halafu mtu akaandika 2.5, programu inasimama na kutoa ValueError. Aina ya float inabeba desimali. Jibu la kilo 3 litatoka kama 45000.0, na hiyo .0 ya mwisho ndiyo inayokuonyesha aina uliyonayo mkononi. Ukiwa na shaka andika print(type(kilo)), Python itakutajia yenyewe. Izoeeni sana fanksheni hii ya type. Inajibu maswali mengi kuliko mwalimu.

Mtego mwingine unaotuhusu sana sisi tunaohesabu kwa maelfu: usiandike bei = 15,000. Mkono umezoea kuweka mkato, lakini Python huuona mkato kama kitenganishi, na kigeu chako kitabeba vitu viwili, 15 na 0. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea kwenye mstari huo. Andika 15000, au 15_000 ukitaka macho yasome kwa urahisi.

Kuhusu ujumbe wa makosa: zile herufi nyingi za Kiingereza zinazojitokeza programu ikikwama zisikutishe. Anza kusoma mstari wa mwisho kabisa. Hapo ndipo jina la kosa lilipo, na juu yake kidogo kuna namba ya mstari wa msimbo wako. NameError maana yake umetaja jina ambalo Python hailijui, na mara nyingi ni herufi tu, kwani Bei na bei kwake ni majina mawili tofauti. IndentationError ni nafasi za mwanzo wa mstari kutopangika.

Nafasi hizo zina kazi kubwa kwenye masharti. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti tena vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Sharti hilo linaandikwa hivi:

if mbalamwezi:
    print("Leo tunapumzika")
else:
    print("Tunaingia ziwani")

Kigeu mbalamwezi hapa kinabeba ama True ama False, aina nyingine ya data yenye thamani mbili tu. Zile nafasi nne mbele ya print ndizo zinazoiambia Python kwamba mstari ule uko chini ya sharti.

Mmeona majina yangu ya vigeu yote ni ya Kiswahili. Wapo watakaowaambia si kitaalamu. Ukiajiriwa kwenye timu yenye watu wa nchi mbalimbali utafuata utaratibu wao, lakini kwa anayeanza naona Kiswahili ni bora: kwenye msimbo wako unatofautisha mara moja maneno ya Python na yale uliyoyatunga wewe. Wanaoandika price na input kwa pamoja huchukua muda mrefu kujua kipi wanaruhusiwa kubadilisha jina na kipi hapana.

Kompaila na intapreta msizihangaikie sasa. Kwa ufupi, kompaila hutafsiri msimbo wako kabla ya kuendeshwa, intapreta huufasiri wakati ukiendelea. Inatosha.

Asiye na kompyuta asisubiri. Kwenye simu ya Android ipo programu ya Pydroid 3, ukishaipakua inaendesha Python bila intaneti. Kuandika kwa kidole kunachosha, ila kwa mistari kumi hakuna shida.

Ukishaipata ile programu ya mteja mmoja ikafanya kazi, fanya hivi peke yako. Weka lupu ya while ili programu iendelee kuuliza kilo za mteja mmoja baada ya mwingine, iongeze kila malipo kwenye kigeu jumla, na isimame mtu akiandika 0. Kumbuka jumla lazima ipewe thamani ya 0 kabla ya lupu kuanza, juu yake, si ndani yake. Ukiiweka ndani itafutwa kila mzunguko, na mama hatapata hesabu ya wateja wote.