Utata wa aina za maneno katika Kireno: ondoa lebo isiyowezekana, usikimbilie kuchagua

Mkuu, umeuliza kwa nini kisahihishaji chako cha sarufi ya Kireno kinapigia mstari sentensi zisizo na kosa, na kama dawa ni kuongeza vighairi kwenye kanuni za upatanisho. Nimeandika kanuni za aina hii kwa muda mrefu na jibu langu ni hapana. Shida iko hatua moja nyuma: neno linafika kwenye kanuni ya upatanisho likiwa bado na lebo (alama za aina ya neno) mbili tatu, nomino na kitenzi kwa pamoja, na kanuni inashika ile isiyohusika.

Wengi huandika kanuni inayochagua lebo sahihi. Afadhali uondoe isiyowezekana. Ndiyo njia aliyoieleza mwanaisimu Fred Karlsson mwaka 1990, na mwanaisimu mwenzake Eckhard Bick akaitumia kujenga PALAVRAS, kichanganuzi cha Kireno. LanguageTool, programu ya kusahihisha sarufi, nayo inakuruhusu kufuta lebo moja tu na kuziacha nyingine. Neno likibaki na lebo mbili, hujapoteza kitu. Ukishafuta ile sahihi, kanuni zote zinazofuata zinafanya kazi juu ya uongo.

Tazama "o estudo". Haraka haraka utasema: baada ya "o", kibainishi kinachotangulia nomino, futa kitenzi, ibaki nomino. "O estudo mostra" (utafiti unaonyesha) itapita vizuri. Lakini "o" pia ni kiwakilishi, na "eu o estudo" ni "mimi nakisoma". Basi unaweka sharti kwamba kabla yake kusiwe na "eu". Bado haitoshi, kwa sababu Kireno hudondosha kiima, na maneno kama "não", "já", "que" na "também" huvuta kiwakilishi kije mbele ya kitenzi. "Já o estudo há anos" (nakisoma kwa miaka sasa) ni kitenzi. "Já o estudo mostra" (utafiti nao unaonyesha) ni nomino. Hapo mimi sifuti chochote, isipokuwa neno la tatu linaponipa uhakika: kikifuata kitenzi cha nafsi ya tatu umoja kama "mostra", lebo ya kitenzi kwenye "estudo" naiondoa bila wasiwasi.

"Para" ni gumu zaidi tangu mkataba wa tahajia wa 1990 uondoe alama iliyotofautisha kitenzi "pára" (anasimama) na kihusishi "para" (kwa, ili). Katika "o carro para na esquina" gari linasimama kwenye kona. Kwa kuwa "na" ya Kireno ("em" na "a" zikiungana, yaani kwenye) tayari imebeba kihusishi, unaweza kudhani "para" hapo lazima iwe kitenzi. Sivyo: "saí cedo para no caminho comprar pão" (nilitoka mapema ili njiani ninunue mkate) ni Kireno safi. Kanuni yangu inadai kabla ya "para" kuwe na nomino ya umoja, na baada yake kusiwe na kitenzi-jina hadi alama ya uakifishaji. Inakosa baadhi ya sentensi, na nimeridhika nayo hivyo.

Kuhusu "a", ambayo inaweza kuwa kibainishi, kiwakilishi au kihusishi, inapotangulia kitenzi-jina futa kibainishi tu. Kiwakilishi kiache, maana kuna "é triste não a ver" (inahuzunisha kutomwona).

Mpangilio nao una uzito: kanuni zenye uhakika mkubwa zitangulie, kwa sababu kila lebo inayoondoka inazipa za chini mazingira safi zaidi. Na kwa kila kanuni andika mfano inaoubadilisha na mwingine ambao haitakiwi kuugusa. Huu wa pili ndio watu wanauruka, na ndio utakaokuokoa mtu mwingine akija kupanua kanuni yako.

Kabla ya kuhifadhi, pitisha matini nyingi, za Ureno na za Brazil, kabla na baada ya mabadiliko, kisha soma tofauti moja moja kwa macho yako. Kwa "anakimbia" Wareno huandika "está a correr", Wabrazili "está correndo", kwa hiyo kanuni ya "a" ukiijaribu kwa matini za Brazil pekee utaona karibu kila kitu kimetulia. Na usiangalie maonyo yaliyopotea tu. Angalia pia makosa ya kweli ambayo sasa hayakamatwi. Nitumie kanuni yako ya "a" ilivyo sasa pamoja na sentensi inazozikosea, tuanze na hiyo.