Ndimu imekula meza ya marumaru

SWALI: Tuna meza ya zamani kutoka Agra, India. Juu ni marumaru nyeupe iliyopambwa maua ya vipande vya mawe ya rangi. Ilimwagikiwa maji ya ndimu, pakabaki doa lisilong'aa ambalo sabuni haikulitoa. Tena jani moja la kijani linacheza. Nilibandike kwa supaglu? – B.S., Mombasa

JIBU: Bi B.S., acha kusugua. Hilo si doa, ni kidonda. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Ndimu, siki na hata soda huila papo hapo, na sabuni hairudishi kilicholiwa.

Tafadhali usimwite fundi wa sakafu na mashine yake. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, marumaru ni 3. Mawe ya maua ya namna hii ni magumu zaidi: malakiti (la kijani) karibu 4, lapis lazuli (la buluu) 5 hadi 5.5, akiki (mara nyingi jekundu) 7. Msasa ukipita juu ya vyote kwa pamoja, marumaru huisha upesi na akiki hubaki imesimama. Ukipitisha kiganja utayahisi maua yameinuka, na hapo hakuna dawa ila kusaga uso mzima. Kama kidonda kiko kwenye marumaru tupu, fundi wa mawe akisugue kwa mkono: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, umezungushwa kwenye kibao bapa, amalizie kwa unga wa oksidi ya bati. Kikiwa kimegusa maua, heri kukiacha kilivyo.

Supaglu hapana. Hukauka ikawa kavu mno, ikavunjika meza ikitikiswa, na kuibandua huweza kupasua jani. Piga picha ya mahali pake, na likitoka lenyewe litie kwenye bahasha. Gundi ya zamani lazima itolewe yote shimoni, la sivyo jani litakaa juu kuliko marumaru na kila kitambaa kitalinasa. Wahifadhi wa vitu vya kale hutumia Paraloid B-72, gundi ya akriliki, iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa kuwa asetoni hiyohiyo huiondoa siku ikihitajika. Jani likiwa na mistari ya kijani iliyokolea na iliyopauka, huenda ni malakiti, nayo ndimu huila vilevile.

Kwa usafi, kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Kausha mara moja. Sufuria ya moto isiwekwe kabisa, maana gundi za kale za nta na ulimbo hulainika. Mkihama, uso wa meza ubebwe ukiwa umesimama kwa ukingo, kama kioo cha dirisha. Ukibebwa kwa ulalo, marumaru hukatika katikati.